Anayejua Kigogo Afike Chumba cha Matangazo

Nikiwa na safari ya mkoani huwa natoka nyumbani Madale mapema kuliko inavyohitajika. Siogopi kuachwa na basi. Nataka tu nifike Mbezi Luis nikae kwenye kiti, niweke begi miguuni, nimsikilize mtangazaji wa stendi. Mke wangu anasema nimekuwa kama mpishi mstaafu anayezunguka kuonja supu za watu. Simbishii. Miaka ishirini na ushee nilikaa kwenye chumba cha matangazo cha stendi ya Ubungo, na sikio halijui habari za kustaafu.

Juzi binti mmoja mwenye sauti nzuri kabisa alitangaza, "Mteja wetu uliyesahau begi jeusi, tafadhali fika mapokezi." Nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu akasogeza mizigo yake. Mteja! Vijana wangu mnaoshika maikrofoni sasa, mimi nilianza kazi hii abiria akiwa "ndugu".

"Ndugu abiria wa kwenda Mbeya." Hivyo tu. Mkulima ndugu, mkurugenzi ndugu, na yule aliyelala sakafuni kwa kukosa nauli naye ndugu. Halafu taratibu watu wakaanza kukunja sura. Nakumbuka bwana mmoja mwenye suti alikuja dirishani ameshika mkoba kifuani. "Nani kasema ndugu Fulani anaitwa? Wewe mie nimekuwa ndugu yako lini?" Hapo nikajua mambo yamebadilika, ingawa hakuna aliyetangaza kwamba yamebadilika. Tukahamia kwenye "waheshimiwa abiria", stendi nzima ikawa ya waheshimiwa, hadi wale waliokuwa wanakimbia kulipia choo. Siku hizi ni mteja. Sina ugomvi na mteja, ila mteja ni mtu kwa sababu amelipa, na yule ndugu wetu alikuwa mtu hata kabla ya kulipa. Nalikumbuka neno lile kuliko ninavyoikumbuka ile stendi yenyewe.

Kazi nilifundishwa na Bi Zainabu, mwanamke wa Temeke, mzaliwa wa mji kwa vizazi visivyohesabika, mwembamba, mkali, mwenye kanga zilizopigwa pasi. Maikrofoni yetu ilikuwa moja, sponji yake imekwisha, naye aliifunga kwa kitambaa cheupe alichokifua kila Jumapili. "Mate ya watu wote yanaishia humu," alisema, "na maneno yao pia."

Alinifundisha kwamba mwanamke mtu mzima ni "mama", awe na mtoto au asiwe naye, na kwamba neno "bibi" usiliguse mpaka umeziona mvi kwa macho yako. Mimi nilijifanya mjuaji. Siku ya tatu nikamtangaza "bibi aliyeacha kikapu cha dagaa". Akaja mama wa makamo, kajipamba, hereni mpaka mabegani, akagonga kioo kwa pete.

"Bibi wa nani?"

"Samahani mama, sikuwa nimekuona."

"Kama hukuniona ungesema mwenye dagaa! Mie nina mume mpya, unanizeesha stendi nzima!"

Bi Zainabu alicheka hadi akashika mbavu, kisha akanikata hela ya chai kwa kuomba radhi nusunusu.

Alinifundisha pia habari ya mtoto aliyepotea. Ukimuuliza mtoto mdogo jina la mama yake atakwambia "Mama", na utabaki umeduwaa na maikrofoni mkononi. Muulize baba huwa anamwitaje mama. Hapo utapata "Mama Asha" au "we Rehema", na mara nyingine utapata neno ambalo halitangaziki. Na usiseme mtoto amevaa nguo gani. Mwache anayekuja kumchukua akutajie yeye nguo. Na ukimwita mtu kwa sababu ya msiba, usipunguze sauti. Ukishapunguza sauti tu, watu kumi wenye jina lile wataangua kilio.

Lakini zaidi ya yote nilijifunza kuwasoma watu kwa namna wanavyofika dirishani. Kuna waliosema, "Nitangazie hapo." Kuna waliosema, "Shikamoo mwanangu, samahani nikusumbue kidogo," wakati mimi ndiye mdogo, yaani wanajishusha ili nisiwafukuze. Kuna walioanza na Kiingereza, wakiona sishtuki wanateremka kwenye Kiswahili. Na kuna waliokuwa wanakishika Kiswahili kama sahani ya mgeni, wakiogopa isije ikavunjika mikononi mwao. Hawa niliwatambua kabla hawajamaliza sentensi, kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Niseme ukweli sasa, maana nimeuzunguka vya kutosha. Mimi ni Mgogo. Nimezaliwa kijiji kimoja cha Dodoma, mama yangu hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kanisani. Ila siku ya kwanza Bi Zainabu aliponiuliza mwenyeji wa wapi, nilijibu haraka, "Muheza." Nilikuwa nimesoma huko miaka miwili kwa mume wa shangazi yangu, na lafudhi ya kule nilikuwa nimeichukua kama mtu achukuavyo shati la kuazima. Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu kwenye mji huu, nyakati zile, ukisema Mgogo watu wanatazama mkono wako kuona bakuli. Wachache walikuwa wamekaa barabarani wakiomba kwa sababu ya njaa, basi kabila zima likageuzwa kuwa kazi ya kuomba. Nilitaka kazi ya maikrofoni. Sikutaka watu waisikie sauti yangu wakatafuta sarafu mfukoni.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja chumbani, Shomari, kijana wa Kinondoni, mcheshi wa kuzaliwa. Kazi zikipungua alikuwa anaigiza makabila. Alikuwa na Mchaga wake, Msukuma wake, Mhaya wake, na Mgogo wake ndiye aliyevunja watu mbavu. Alikunja mgongo, akanyoosha kiganja, akavuta maneno puani. Wapiga debe walikuwa wanajaa mlangoni kumtazama. Sote tulicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Kumbukeni hilo mkinisikia nalaumu wengine.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, mchana, stendi imejaa. Kondakta wa basi la Dodoma alimleta mama mmoja mzee kwa kumshika kiwiko.

"Huyu bibi kashuka kwangu, amesimama tu pale mlangoni. Kiswahili hakipandi kabisa. Mie nageuza gari, nimewaachia."

Alikuwa na bangili za shaba mkono mzima, shuka jeusi limefungwa begani, na kikapu cha karanga. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za matajiri, kwa hiyo mtu kama yule akikosana na mwenyeji wake ndiyo basi, mpaka zitumike juhudi zetu. Alitutazama sote watatu, akainama kidogo, akasema, "Mbukwenyi."

Ni salamu ya kwetu kwa watu wengi. Shomari aliangua kicheko, akaanza kunyoosha kiganja. Bi Zainabu akampiga kofi la mkono. "Ukome! Huyu ni mama wa mtu." Kisha akamvutia yule mama kiti, akamwitikia kwa Kiswahili, akamkalisha karibu na mlango.

Yule mama akaanza kueleza. Vijana wangu, nilikisikia Kigogo cha kwetu kabisa, cha upande wa mama yangu, na maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwa miaka minane. Alisema binti yake amejifungua kwa kupasuliwa na hali yake si nzuri. Alisema baba Yohana, yaani mkwewe, mume wa binti huyo, alipaswa kumpokea, na asipomwona leo hajui atalala wapi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi. Bi Zainabu alitikisa kichwa. Shomari alitikisa kichwa. Na mimi nikatikisa kichwa.

"Yona," Bi Zainabu akaniambia, "tangaza. Atafutwe anayejua Kigogo."

Nikashika maikrofoni. Nikasafisha koo. Kwa Kiswahili changu bora kabisa, kile cha Muheza, nikasema, "Tangazo. Tangazo. Yeyote anayejua Kigogo afike chumba cha matangazo. Nasema tena, anayejua Kigogo, afike chumba cha matangazo."

Hakuja mtu. Nikarudia. Hakuja mtu. Stendi yenye mabasi ya Dodoma asubuhi na jioni, wabeba mizigo, mawakala wa tiketi, wauza maji, na hakuna hata mmoja aliyejua Kigogo! Bi Zainabu alishangaa kweli. Mimi sikushangaa, niliona aibu tu, na nikaandika kwenye daftari la matangazo mambo yasiyo na maana ili nisimtazame.

Lakini aliendelea kusema. Alikuwa anaongea peke yake, taratibu, kama wafanyavyo watu wanaoamini hawasikiki. Alisema joto la huku ni la kuchemshia mahindi. Alisema yule mwembamba ana roho nzuri, na yule mcheshi hakulelewa. Kisha akasema, "Na huyu kijana wa daftari, paji lake ni la watu wa kwetu." Kalamu ilinitoka mkononi.

Halafu akageuka kwangu. Hakumwambia Bi Zainabu, labda kwa kuwa mimi nilikuwa karibu zaidi. Aliniuliza kwa sauti ya chini sana, akiangalia sakafu, kama kuna mahali pa kujisaidia. Alisema hajashuka tangu Morogoro kwa kuogopa kuachwa.

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikafungua ukurasa mwingine.

Aliniuliza tena. Bi Zainabu akaona midomo yake imekauka, akadhani ni kiu, akamwagizia chai. Chai, jamani. Yule mama akaipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaiweka chini, akabana miguu, akashika ncha ya shuka lake akaizungusha kidoleni. Hakulia, hakupiga kelele, hakuonyesha kwa mikono, maana si jambo mama wa umri ule huonyesha kwa mikono mbele ya vijana wa kiume. Alikaa tu. Nami nikatangaza basi la Iringa. Nikatangaza la Tanga. Sijui ilipita saa moja, sijui zaidi.

Watu husema "nikaamua". Sikuamua kitu. Nilimwona akijaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena haraka na kufumba macho, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikamshika mkono, nikasema kwa Kigogo, "Mama, twende nikupeleke."

Shomari alikuwa na kikombe mdomoni, akabaki nacho hapohapo. Mimi na yule mama tukatoka, nimembebea kikapu, tukavuka katikati ya mabasi hadi vyooni. Nilisimama nje na karanga zake, na wapiga debe wanaonifahamu wakawa wananipigia mluzi wakidhani nimeanza biashara.

Tuliporudi alinieleza tena kila kitu, mara hii kwa haraka. Mkwewe anaishi Mbagala, nyumba ya kupanga, kazi yake ujenzi. Hajui zaidi. Nikaondoa mkono wa Bi Zainabu kwenye maikrofoni kwa upole, nikaifungua, na bila kusema "tangazo" nikaita, "Mbukwenyi!"

Natamani mngekuwepo. Kupitia dirisha nilimwona mbeba mizigo mmoja akitua gunia na kunyoosha shingo. Mama aliyekuwa akiuza mihogo akasimama na kisu mkononi. Askari wa getini akageuka. Wakala mmoja wa tiketi, ambaye kila mtu alimjua kuwa mtu wa Bagamoyo, na alikuwa anaapa kwa Bagamoyo, alijibu kwa sauti ya kutoka tumboni, "Mbukwa!" kisha akajiziba mdomo. Wale wote walikuwepo nilipouliza kwa Kiswahili nani anajua Kigogo. Walikuwa wamekaa kimya kama mimi, kila mmoja na Muheza yake. Salamu iliwatoka kabla hawajakumbuka kujificha.

Nikaendelea kwa Kigogo. Nikasema mama yetu yuko hapa, binti yake kajifungua kwa kupasuliwa, anamtafuta mkwewe, baba Yohana, fundi ujenzi wa Mbagala. Haikupita dakika tano, mlango ulijaa. Mbeba mizigo alimfahamu huyo fundi, walikuwa wanasali kanisa moja. Alisema baba Yohana aliambiwa basi litafika jioni, na hivi sasa yuko hospitali na mkewe. "Mie nampeleka mwenyewe," alisema, "mizigo ya watu itangoja." Muuza mihogo akafunga mihogo kwenye gazeti akampa. Yule wa Bagamoyo alisimama nyuma ya wote akijifuta uso kwa kofia.

Shomari ndiye aliyepata sauti kwanza. "Kumbe na wewe, Yona?"

"Na mimi."

"Si ungesema, braza. Mie nilikuwaga natania tu."

Bi Zainabu hakuwa na utani. Alifunga mlango watu walipopungua, akanigeukia, na sijawahi kumwona mkali kiasi kile. "Kabila lako mie halinihusu. Uwe Mgogo, uwe Mzaramo, shauri yako. Lakini mama wa watu kakaa hapa na haja yake, anakuomba wewe, na wewe umekaa unaandika. Unaandika nini? Hebu nioneshe ulichoandika." Nikampa daftari. Alisoma, akalirudisha, akatoka nje kwenda kuswali.

Shomari, msije mkadhani aliacha maigizo yake. Alichobadili ni kuchungulia kwanza kama nipo. Bi Zainabu alikaa wiki nzima ananisemesha kwa mambo ya kazi tu, na wiki hiyo ilinifundisha mengi kuliko miaka mingine. Toka siku ile, mtu akija dirishani anakishika Kiswahili kwa hofu, nilimuuliza kwanza nyumbani wanasalimiana vipi. Nimejifunza salamu za makabila mengi kwa njia hiyo, na nyie nawaomba mfanye hivyo. Msiulize nani anajua lugha fulani. Isalimieni.

Sasa turudi nyuma kidogo, wakati wa kuagana na yule mama. Mbeba mizigo alikuwa ameshamtangulia na kikapu. Yule mama akabaki nyuma kidogo, akaushika mkono wangu.

"Ulikuwa unanisikia tangu mwanzo," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hata nilipokuuliza choo."

"Ndiyo."

Akanitazama lile paji. Nilingoja anitukane, na ningefurahi kama angenitukana. Akasema, "Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Msalimie. Mwambie nimekuona, umekua mkubwa, una kazi nzuri." Akaniachia mkono, akaenda zake.

Kwa miaka minane nilikuwa natuma barua na hela kidogo, na visingizio vya kazi. Jumamosi ile nilipanda basi la alfajiri, na Shomari mwenyewe ndiye aliyelitangaza. Nilimkuta mama nje anapepeta uwele. Alipiga vigelegele, akalia, akanipangusa vumbi kama mtoto. Tulipokaa nikamwambia kuna mama mmoja wa kwetu amemsalimia kutoka Dar es Salaam.

"Nani huyo? Anaitwa nani?"

Kazi yangu ilikuwa kuita majina ya watu kutwa nzima, na la yule sikuwa nimeliuliza.

"Umepewa salamu zangu na mtu usiyemjua jina?" mama akasema. "Alikufanyia nini?"

Ikanibidi nimweleze yote, tangu kile kiti mpaka chai na choo, na nilichokuwa naandika kwenye daftari. Nilimweleza kwa Kigogo, kwa kukwamakwama, na kila niliposahau neno, mama alinitajia.